Kisiki cha Mfenesi Kwenye Tuta

Mjomba wangu Kibwana alikuwa na bilauri ya kioo ambayo hakuna aliyeruhusiwa kuinywea. Ilikaa dirishani kwake, imefunikwa kitambaa cheupe. Kila siku baada ya swala ya alfajiri aliitia kwenye mfuko wa koti na kupanda nayo bwawani. Watoto wa kitongoji walimwita Bwana Bilauri, naye aliitika.

Bwawa letu si la umeme wala la kunywesha mji. Ni tuta la udongo lililojengwa bondeni, juu ya nyumba zetu, pale milima ya Uluguru inapoanza kuinuka. Miaka ya nyuma mto ulishuka na kuzoa nyumba za watu, ndipo likajengwa. Kiangazi huwa tupu kabisa. Mvua ikinyesha milimani hupokea maji yote kwa pamoja, kisha huyaachia kidogo kidogo kupitia bomba, ili sisi wa chini tulale.

Kazi ya mjomba ilikuwa kulilinda. Alifyeka majani, akaziba mashimo ya panya buku, akafukuza mbuzi. Zaidi ya yote aliangalia maji yanayovuja. Mhandisi Thobias, aliyekuja kutoka mjini kulikagua, alimfundisha kwamba tuta la udongo lazima livuje kidogo, na kuvuja si ugonjwa. Ugonjwa ni maji kutoka na udongo, kwa sababu hapo tuta linaliwa kutoka ndani. Basi mjomba alikuwa anachuchumaa chini ya tuta, anakinga maji kwenye bilauri na kuyainua kuelekea kwenye mwanga. Vijana wanaoteremsha ndizi kwenda mjini walimkuta hapo.

"Mzee Kibwana, gongo ya leo imeiva?"

"Onja."

"Nikilewa je?"

"Ukilewa na hii ujue sote tumekwisha."

Kwetu mjomba ndiye mwenye mambo mazito ya watoto wa dada yake. Baba yangu alifariki mimi nikiwa mdogo, na mjomba ndiye aliyenipeleka sekondari, akibeba sanduku langu kichwani. Mkewe alitangulia mbele ya haki bila kumwachia mtoto. Alikuwa na sisi tu, yaani mimi na mama yangu, Sabra, ambaye ni dada yake mkubwa.

Shamba nalo, kwetu, ni la upande wa mama, na ushahidi wake ni mti wa kudumu. Mtu ukimwazima shamba atalima mahindi, atalima mbaazi, lakini mti hapandi. Akiupanda, kesho atasema pale ni pake. Bonde ambamo tuta lilijengwa lilikuwa la ukoo wetu, na mama ndiye aliyesimama mkutanoni akakubali kulitoa. Tuta lilipokwisha kujengwa, akaenda akapanda mfenesi kwenye mteremko wake wa chini.

"Serikali imeazima," alisema. "Watoto wa binti yangu wajue pa kwao."

Mfenesi ukakua haraka. Thobias alipouona alimwambia mjomba kwamba mti hautakiwi juu ya tuta. Mizizi inapenya, na mti ukifa au ukikatwa mizizi inaoza na kuacha matundu ambayo maji hupita humo kama kwenye bomba. Ukate, alisema, uchimbe mizizi yote mpaka mwisho, kisha urudishe udongo na kuushindilia.

Mjomba alimsihi mama misimu miwili. Mwishowe, mama alipokuja kwangu Mafiga, mjini, kunitazama uzazi, mjomba akachukua shoka. Mama aliporudi alipanda bwawani, akashuka, akasimama mlangoni kwa mdogo wake.

"Nani amenikatia mti?"

"Mimi, dada."

"Si ungesubiri nife."

"Ningesubiri, maji yangekutanguliza."

Mama hakucheka. "Mti umekata. Kisiki ni changu. Siku ukikigusa, usinizike."

Neno hilo halisemwi ovyo kwetu. Mjomba aliacha jembe. Thobias alipokuja na vibarua wa kuchimba, mjomba alimwomba asubiri. "Niachie hiki, mhandisi. Ni mambo ya mimi na dada yangu, nitamlainisha." Thobias akasema haya, lakini mwisho kiangazi. Kiangazi kikaja, kikapita, na kingine pia.

Nao, kama ndugu walivyo, walipatana. Kisiki kikawa utani wao. Mjomba alikuja kula jioni, akanawa, akasema, "Dada, kisiki chako kitatuua."

"Kitakuua wewe uliyekikata. Mimi nilipanda mti."

Kisha walicheka na kumega ugali. Nimeyasikia maneno hayo mara nyingi kuliko salamu.

Masika ya mwaka jana mvua ilinyesha milimani bila kupumzika, na bwawa likajaa kuliko tulivyowahi kuliona. Nilikuwa nimekuja kumsaidia mama palizi, mwanangu nimemwacha kwa baba yake, tukashindwa hata kutoka nje. Mjomba aliona unyevu mpya kando ya kisiki. Alikinga bilauri, maji yalikuwa safi. Alimpigia simu Thobias, akaambiwa asibanduke pale, akinge kila mara, na mifuko ya mchanga inakuja. Barabara ilikuwa imekatika. Siku iliyofuata, kabla ya adhuhuri, maji kwenye bilauri yakawa na rangi ya chai ya maziwa.

Haya Thobias alitusimulia msibani. Mjomba alimpigia akasema neno moja, "Yamechafuka." Thobias akamjibu, "Watoe watu."

Tulisikia kipande cha reli kilichoning'inizwa bwawani kikigongwa. Watu walitoka. Nilibeba mtoto mdogo wa jirani yetu Furaha na kumshika mwenzake mkono, nikamwambia mama twende. Akasema, "Tangulia, nafungua mbuzi." Tulivuka mfereji kwenye daraja la magogo, tukapanda shuleni, ambako ni juu. Mjomba alifika wa mwisho, amelowa, anahema, anatazama nyuso moja moja.

"Dada yuko wapi?"

Aligeuka kabla sijajibu. Nikamfuata.

Mama alikuwa ndani, amekaa kwenye kigoda, anachambua mchele. Mbuzi walikuwa bado wamefungwa.

"Dada, tutoke."

"Nimesikia chuma chako," mama alisema bila kuinua macho. "Maneno yamekushinda, leo umekuja na vyuma."

"Dada."

"Kisiki sitoi, Kibwana. Hata upige ngoma."

Mjomba hakuwahi kuingia nyumbani kwa mama na viatu. Siku ile aliingia na mabuti yake ya mpira yaliyojaa tope, akakanyaga msala wa mama uliokuwa umetandikwa kungoja adhuhuri, wala hakuomba radhi. Akamshika mkono.

"Kisiki chukua. Shamba chukua. Tutoke."

Mama alitazama lile tope juu ya msala. Kisha akainuka, akaacha ungo na mchele wake chini, akatoka bila hata kujitanda kanga.

Mimi nilitangulia kuvuka magogo, nikampokea mama mkono. Mjomba alikuwa nyuma, amemshika kiuno kwa sababu magogo yalikuwa yanateleza. Ukasikika mlio kama lori linamwaga kokoto. Alimsukuma mama kwangu, tukaanguka pamoja upande wa juu. Nilipoinua kichwa hapakuwa na daraja, na maji mekundu yalikuwa yanapita na bati na miti. Mjomba hakuwepo.

Innaa lillaahi wa innaa ilayhi raaji'uun.

Nyumba za chini zilikwenda zote, na ya kwetu mojawapo. Mtu mwingine hakufa. Mume wa Furaha alimkuta mjomba kesho yake, kwenye matete chini ya barabara, koti lake likiwa bado mwilini. Bilauri haikuonekana, na hatukuitafuta. Tulimzika alasiri. Sheikh alisema aliyekufa maji ni shahidi. Nimeishika kauli hiyo kwa mikono miwili, na kila nikimwombea mjomba naanza nayo. Lakini sitasema kwamba haiumi.

Thobias alikuja matangani, akavua kofia, akakaa chini mbele ya mama.

"Shikamoo, mama. Mimi ndiye niliyeahirisha. Ningechimba siku ile."

"Ulimwahirishia nani, baba?" mama alimwuliza. "Si mimi?"



Kisiki kilikuwa kimekwama kwenye mihogo ya Furaha, mizizi juu. Mama aliagiza kipasuliwe kiwe kuni za arobaini. Kilikuwa kimelowa, kikatoa moshi mwingi, wapishi wakalalamika macho.  Vibarua walipokuja kulijenga upya tuta wakahitaji udongo wa mfinyanzi, na udongo mzuri ulikuwa kwenye shamba la mama la juu, lile alilokuwa amebakiza. Akawaambia wachukue.

Sasa tuta limesimama, na amewekwa mlinzi mwingine, kijana anayeitwa Hafidhi. Vibarua walikuwa wanakula mafenesi wakitema kokwa pale pale, hivyo miche huchipua kwenye udongo mpya. Mama anapanda bwawani kila siku baada ya alfajiri. Magoti yanamsumbua, anapumzika njiani. Anatembea kwenye mteremko ameinama, anang'oa kila mche anaouona na mzizi wake wote, anauweka kwenye kanga.

Juzi nilikwenda naye. Hafidhi alimwamkia, akamwambia, "Bibi, hiyo ni kazi yangu. Nitang'oa mimi."

"Wewe fanya ya maji."

"Nimeshafanya, bibi. Ni safi." Akamwonyesha bilauri yake.

Mama aliipokea. Aliiinua kwenye mwanga kama alivyokuwa akifanya mdogo wake, akaigeuza polepole, akamrudishia.

"Kinga tena," alisema.