Kidude cha Tano

Shangazi yangu ana miaka hamsini na minane, na hajawahi kukubali kwamba kuna kitu asichokijua. Gerejini tunamwita Bibi Kibano, maana kibano chake hakimtoki mkononi hata akinywa chai. Kazi yake ni vidude vya magari ya zamani: saa, geji, swichi, vitu ambavyo mafundi wenye misuli huvivunja wakidhani wanavisaidia. Mimi nakaa mapokezi naandika kadi za kazi, na kwa kuwa ni damu yangu, nina ruhusa ya kumsema.

Miaka kumi na mmoja amefanya kazi hiyo kwenye stoo ya matairi, chumba kisicho na dirisha, chini ya balbu moja, na macho yameanza kumgomea. Chumba cha mbele chenye dirisha kubwa kilikuwa kitupu tangu fundi rangi alipohama. Kila akikiomba, mkuu wa gereji anamwambia tutaona. Huyo tunamwita Mzee Breki, kwa sababu hakuna jambo linalompita bila kusimamishwa kwanza.

Basi likaja gari jeusi la bibi mmoja mjane, limelala bandani miaka thelathini. Chini ya kiti cha nyuma tukakuta kikasha cha bati, na ndani vidude vitano vimekula kutu na vumbi. Mafundi wakavizunguka, kila mmoja na lake la kusema, na hakuna aliyefua dafu.

"Nipe mpaka Ijumaa," shangazi akamwambia Mzee Breki. "Nikivitambua vyote na kuvirudisha mahali pake, chumba cha mbele changu."

"Vyote vitano. Kimoja kikikushinda, unarudi kwenye matairi yako."

Wiki gani ile, jamani! Jumatatu saa ya dashibodi ikaanza kugonga, shangazi akaibusu. Jumanne feni ndogo ya dereva ikazunguka na kunipeperushia kadi zote hadi uani, nikazikimbiza huku nacheka kama mwendawazimu. Jumatano dira na taa ya kusomea ramani zikanyoosha mikono juu. Kikabaki cha tano: kioo chembamba kama faneli, kina kishikio cha chuma cheupe. Alikigeuza siku nzima, akakinusa, akakiweka sikioni. Kisha akaruka.

"Kifuniko cha taa! Nilijua tu!"

Akakitia balbu ndogo, akapitisha waya, akakifunga kwenye dashibodi kwa uzi uliopakwa nta.

"Si utoboe tu upige skrubu?" fundi umeme akamuuliza. Yeye asubuhi ile alikuwa ametoboa matundu mawili kwenye dashibodi ileile ili afunge swichi mpya.

"Kitu kilichonizidi umri sikitoboi," shangazi akang'aka. "Nikifunga, kifunguke."

Ijumaa bibi mwenye gari akaja, akaketi kiti cha mbele. Saa ikagonga, feni ikampepea, akapiga makofi. Kisha shangazi, kidevu juu, akabonyeza swichi na kile kioo kikawaka. Bibi akakitazama. Mabega yakaanza kumtikisika.

"Mdogo wangu," akasema akipangusa machozi ya kicheko, "hicho ni cha maua! Marehemu alikuwa ananiwekea ua humo kila tukitoka."

Gereji nzima ikaangua kicheko. Hata mimi, Mungu anisamehe, niliegemea ukuta mbavu zinauma. Halafu nikaona midomo ya shangazi inatetemeka, kicheko kikaniishia.

"Vinne," Mzee Breki akasema. "Tulikubaliana vitano. Unarudi stooni, chini ya balbu yako."

"Nimekosea," shangazi akasema.

Neno hilo sikuwahi kulisikia kinywani mwake. Akainama, akavuta ncha ya uzi. Balbu ikatoka, waya ukatoka, na kioo kikaingia mkononi mwa bibi kikiwa safi, bila mkwaruzo. Haikufika hata dakika.

Bibi akakigeuzageuza. Kisha akaingiza kidole kwenye mojawapo ya yale matundu mawili ya dashibodi, yaliyokuwa bado yanangoja swichi.

"Na haya, yanafunguliwaje?"

Fundi umeme akatazama dari.

"Basi dashibodi yangu yote ataishika huyu," bibi akasema, akimwonyesha shangazi. "Akikosea, anakosea vizuri. Na simtaki stooni. Vitu vya mume wangu havifanyiwi kazi gizani."

Mzee Breki akaenda mwenyewe kutafuta ufunguo wa chumba cha mbele.

Mchana huo tulisukuma meza yake watu sita, tukigombana na kuimba upuuzi, fundi umeme akiwa wa kwanza kushika. Jioni nikampelekea chai. Nilimkuta ameketi dirishani, mikono mitupu, anacheka peke yake na mashavu yamelowa.

"Mvua inanyesha," akaniambia. "Na nimeiona ikianza."