Bahasha ya Marehemu

Cheka kwanza, ukimaliza nitaendelea, maana mimi mwenyewe nimeshacheka mpaka nikachoka na aibu bado haijaisha. Siku moja hapa Lubumbashi nilihudhuria msiba wangu mwenyewe. Nilikaa kwenye kiti cha plastiki, nikalia machozi ya kweli, halafu ndipo nikauliza ni nani aliyekufa.

Mimi ni mtu wa Kigoma. Nilikuja huku kumfuata mume wangu Ilunga, ambaye kazi yake iko mgodini Kolwezi, wiki mbili kule na wiki moja nyumbani, na tumepanga chumba na sebule Kamalondo, nyuma ya geti la bluu (hilo geti usilisahau). Kwetu nilikuwa muuguzi, huku nikawa mke wa kusubiri, miezi saba ya kufagia sebule iliyokwisha fagiliwa, mpaka polikliniki moja ikasema itanichukua. Ila mkurugenzi, daktari mpole lakini asiye na mchezo, alitaka kukiona cheti changu chenyewe, si nakala, kabla ya Ijumaa saa tisa alasiri, kwa sababu kuna mwenzangu alikuwa anaisubiri nafasi hiyo hiyo. Nikajiapiza kwamba liwalo na liwe, kazi hii haiendi kwa mtu mwingine.

Cheti kilikuwa kwenye sanduku la mama, Kigoma. Kaka yangu Elia akakitia kwenye bahasha, akaniuliza anwani, na hapo ndipo nilipogundua kwamba sina. Nyumbani tulikuwa na sanduku la posta la parokia, unaandika namba na mambo yamekwisha. Hapa barua inaletwa na mtu wa pikipiki anayekupigia simu na kukuuliza uko karibu na nini. Basi Elia akaandika jina langu, namba yangu ya simu na neno Kamalondo, akaikabidhi kwa wakala wa vifurushi, nami nikaanza kuhesabu siku.

Ijumaa yenyewe asubuhi simu ikaita. Alikuwa Papa Kasongo, mpeleka vifurushi wa yule wakala.

"Allô, madame Neema? Enveloppe yako ilifika na ndege ya Luano. Uko wapi mu Kamalondo?"

Nikamtajia barabara.

"Portail iko rangi gani?"

"Bluu."

"Maman, Kamalondo muzima iko bluu. Unipatie référence."

Sasa mimi, badala ya kusema ng'ambo ya fundi cherehani, au mlango wa pili kutoka kwa muuza mkaa, au kitu chochote ambacho mtu mwenye akili angesema, nikajiona mjanja. Nikamwambia aje tu, ataona alama getini tangu kwenye kona, hawezi kupotea. Akasema atapita kati ya saa nne na saa sita.

Alama niliyoifikiria ni matawi ya mchikichi. Kwetu Kigoma harusi ikiwepo, au padri mpya akirudi nyumbani, au mtoto wa shangazi amemaliza chuo, tunafunga matawi ya mchikichi getini, kushoto na kulia, na hata mgeni aliyeshuka kwenye treni dakika hiyo anajua furaha iko wapi. Nikakumbuka kuna mchikichi mmoja nyuma ya parokia. Mlinzi wa pale, mzee wa watu, akanikatia matawi mawili makubwa, akavua kofia, akasema, "Pole sana, mama." Nikamjibu asante, nimeshapoa (kwetu anayebeba mzigo hupewa pole), nikayabeba begani huku nikiimba. Alinitazama mpaka nikakata kona.

Nikayafunga getini, yakapendeza. Kisha nikapiga hesabu: sasa saa mbili, polikliniki wanataka pia picha nne za pasipoti, nitakimbia studio na kurudi kabla ya saa nne. Nikatia kufuli. Studioni umeme ukakatika nikiwa tayari nimekaa mbele ya kamera na kidevu juu, jenereta ikagoma, simu yangu nayo ikazimika, na mimi sikuondoka, kwa sababu nikishaanza jambo siliachi katikati (Ilunga analo jina lake la tabia hiyo, silitaji hapa). Nilitoka pale na picha zangu saa sita na nusu.

Kufika kwenye barabara yetu nikakuta viti vya plastiki vimemwagika mpaka mbele ya geti tatu nne, turubai limefungwa, wanaume upande mmoja, wanawake wamekaa kwenye mikeka na vitambaa kichwani. Moyo ukaniuma. Mtaa wangu una msiba na mimi nilikuwa nahangaika na picha. Nikajiambia kwamba majirani hawa wananiona mgeni, leo wataona kama mimi ni mwenzao. Nikafunga kitenge vizuri, nikakaa kiti cha nyuma kabisa, nikaanza kulia. Nililia sana, kusema kweli, kwa sababu nilikuwa nawaza bahasha yangu. Nilipopumua nikamwinamia mama wa pembeni, ambaye sikumjua, nikamuuliza tumempoteza nani.

"Ule mama wa Tanzania," akasema. "Infirmière, ule muuguzi. Alikohoa wiki muzima, hakuambia muntu. Bwana yake iko Kolwezi, hata hajue. Wee, na uko dada yake? Munafanana."

Nikasimama. Sasa niliona yale ambayo watu walikuwa wameyaficha kwa migongo yao: geti ni langu, matawi ni yangu, na uani, juu ya meza yangu ya kulia chakula, kuna mshumaa na picha yangu ya harusi, upande wa Ilunga umefunikwa kwa kitambaa. Nikasema, kwa sauti ndogo kabisa, kwamba nadhani kuna makosa. Mikeka ikabaki mitupu. Wanawake walipita juu ya viti, na mzee mmoja wa upande wa wanaume aliondoka na kiatu kimoja.

Aliyebaki ni mmoja tu, Mama Kapinga, jirani yangu wa ukuta kwa ukuta, muuza vitenge, mwanamke mwenye sauti ya kuongoza kwaya na ndiye aliyekuwa ameongoza kilio. Alinishika mashavu, akanifinya mkono, akaniamini. Kisha akakasirika.

"Neema, matawi ya mungazi ku portail njo kilio. Kila muntu anajua. Niliona matawi, nikagonga, kimya. Nikapiga simu, kimya. Nikasema basi, bamemupeleka ku morgue. Nikafungua na ule ufunguo ulinipatiaka. Ulitaka tufanye namna gani?"

Nikamweleza habari ya harusi za Kigoma. Alinisikiliza mpaka mwisho, halafu akasema kwa upole wa kutisha kwamba kuna bwana mmoja wa pikipiki alikuja saa tano kumuulizia Neema.

"Na ulimwambia nini?"

"Nilimwambia kweli. Niliona ni kweli."

Papa Kasongo alikuwa amevua kofia, akapiga goti mbele ya picha yangu, akasema bahasha ya marehemu haiachwi kwa mtu yeyote, akaondoka nayo.

Sikujua kama nicheke au nianguke. Saa ilikuwa saba kasoro, na saa tisa cheti kiwe mezani kwa daktari. Nikamwambia Mama Kapinga kwamba yeye ndiye aliyeniua, yeye ndiye atakayenifufua, twende. Tukapanda pikipiki moja wawili, yeye na kitambaa cha msiba kichwani, mimi katikati nimebanwa, na yale machozi ya msibani bado usoni.

Ofisi ya wakala iko mjini. Karani alikuwa mama wa makamo mwenye miwani, na mbele yake kulikuwa na bahasha yangu, jina langu kwa mwandiko wa Elia, na juu yake mhuri mwekundu: décédée, yaani amefariki. Papa Kasongo alikuwa amesimama kando na alipotuona akarudi nyuma mpaka ukutani. Gari la kurudisha vifurushi uwanja wa ndege wa Luano lilikuwa linaondoka saa nane.

Nikatoa nakala ya pasipoti (yenyewe ilikuwa ofisi ya uhamiaji), nikatoa na zile picha nne, bado zinanuka dawa. Karani akazipanga, akanitazama.

"Fotokopi, kila muntu anaweza kuleta. Unaweza kuwa dada yake. Pole, maman, mais hatupatie bandugu bintu ya marehemu bila papier."

"Mi njo nilimulilia," akasema Mama Kapinga, na ofisi nzima ikageuka. "Mi njo nilianza wimbo. Sasa mi nasema hakufa. Unataka témoin gani mwingine?"

"Asubui ulisema alikufa," akasema Papa Kasongo kutoka ukutani.

Hapo mimi nikaweka viwiko juu ya kaunta, nikasema siondoki. Kama bahasha inakwenda Luano, na mimi nakwenda nayo, waniandike kifurushi. Karani akapumua. Akasema njia ni moja tu, aliyetuma aseme mwenyewe kwamba ni mimi. "Na yee tuliisha kumupigia," akaongeza, "tukamupatia pole."

Aibu yote iliniondoka wakati ule, nikabaki na hofu tupu. Mama yangu ana presha. Nilimwona anakaa chini pale uani kwetu, na mimi huku nabishana juu ya karatasi.

Karani akapiga, akaweka sauti wazi. Elia akapokea, nyuma yake watu wanalia. Nikasema, "Elia, ni mimi." Akakata. Karani akapiga tena, na safari hii akapokea mama.

"Wewe unayejifanya mwanangu," akasema, "Mungu anakuona."

Ningesema nini? Jina la bibi kila mtu wa ukoo analijua. Siku ya kuzaliwa iko kwenye pasipoti. Ilibidi nitoe kitu ambacho tunakijua mimi na Mungu tu, mbele ya karani, mbele ya Kasongo, mbele ya wateja sita waliosahau kilichowaleta.

"Mama," nikasema, "ile kanga yako ya harusi, iliyomwagiwa mawese. Hakuwa mdogo wangu Anna. Ilikuwa ni mimi. Nilikuwa naichezea, nikaikunja, nikairudisha kwenye sanduku, nikanyamaza."

Vilio vya nyuma yake vikakoma.

"Nilimchapa Anna," mama akasema.

"Najua."

"Miaka ishirini namtazama yule mtoto vibaya." Kisha akalia, lakini kilio kingine, kile cha mtu anayelaani na kushukuru kwa pumzi moja. "Mpeni bahasha yake. Ni huyo huyo, mshenzi."

Saa tisa kasoro dakika kumi nilikuwa mbele ya daktari, jasho linanitoka, Mama Kapinga mlangoni. Akasoma mhuri, akanitazama, akasoma tena.

"Hapa banasema mupokeaji alikufa."

"Ndiyo, daktari. Lakini Jumatatu naweza kuanza."

Nikaanza Jumatatu. Mtaani wananiita Mama Lazaro, wagonjwa nao wameshalijua jina, na sasa yeyote anayetafuta nyumba yetu anaelekezwa tangu kwenye kona. Nimeapa kwamba geti langu halitafungiwa hata jani la mchicha; Jumapili ya Matawi nililificha tawi langu chini ya kitenge njia nzima, nikaliweka chumbani nyuma ya kabati.

Mwezi uliopita Papa Kasongo alikuja moja kwa moja, hakupiga hata simu. Alileta kifurushi kutoka Kigoma, kwa mwandiko wa mama: Kwa Mama Lazaro, Kamalondo. Ndani kulikuwa na kanga ya harusi, doa la mawese katikati, na karatasi ndogo.

"Uifue mwenyewe," ameandika. "Halafu usiitume. Uilete kwa mkono wako, nikuone."