Koti la Sufu Lililokwenda Kuonja Joto la Nyamirembe

Niliondoka Ntobeye kwa sababu ya joto ambalo nilikuwa sijalisikia bado. Vita vilikuwa vimekwisha, vijana wetu walikuwa wamerudi, lakini sukari na sabuni zilikuwa hazijarudi, na dada yangu Koleta alikuwa amepata mchumba. Mchumba mwenyewe aliitwa Faustini, karani wa ghala la pamba Nyamirembe, kule ziwani, wilaya ya Biharamulo. Kabla ya hapo alikuwa amekaa kwetu Ngara kwenye ghala la kahawa, na huko ndiko walikopatana. Alikuwa mtu mpole, wa kanisani, na pombe hakuipapia. Bibi yetu, ambaye tangu baba afariki ndiye aliyekuwa na neno la mwisho nyumbani, hakuona kasoro yoyote kwa kijana huyo. Kasoro aliiona kwenye hewa ya kwao.

"Kule watu wanapikwa," alisema. "Shangazi yangu aliolewa ziwani, akarudi hapa amekonda kama ufito. Simtoi mtoto wangu akachemshwe."

Koleta hakubishana naye. Aliacha kula tu, na wanaomfahamu Koleta wanajua kwamba hilo ni zito kuliko kubishana. Bibi akalegea kidogo. Akasema niende mimi nikalionje hilo joto, nirudi nimweleze. Likiwa la kuvumilika, barua ya posa itapokelewa. Likiwa si la kuvumilika, Koleta atafute mtu wa milimani. Nilichaguliwa kwa kuwa nafundisha sayansi shule ya msingi, na kwa maoni ya Bibi, mwalimu wa sayansi hadanganywi na hewa.

Alinipa masharti mawili. La kwanza, nisiseme kilichonipeleka. "Wakijua umekuja kuonja joto, watakuketisha kivulini siku nzima na kukunywesha maji ya mtungini. Waambie umekuja kuwasalimu." La pili lilikuwa koti. Hilo ni koti la sufu, zito, refu hadi magotini, lenye vifungo vya shaba, ambalo marehemu babu alirudi nalo kutoka jeshini zamani za Waingereza. Alilivaa siku alipokwenda kumposa Bibi, na tangu hapo kila mjumbe wa ukoo wetu anayekwenda kwa wakwe hulivaa. "Na usilivue mbele yao mpaka umepata ulichofuata," Bibi alisema. Nami niliitikia bila kufikiri, maana asubuhi za kwetu koti la sufu halimkeri mtu.

Alfajiri nilishika njia ya kwenda Ngara mjini kwa miguu, koti mwilini, na mfukoni nimebeba kipimajoto cha shule, kimoja kilichosalia, ambacho mwalimu mkuu alinikabidhi kama anayenikabidhi mtoto mchanga. Ukungu ulikuwa umelala mabondeni na mashamba ya migomba yalikuwa yakidondosha umande. Watu niliokutana nao walilisifu koti. Nilijiona mtu wa maana sana.

Mjini mabasi hayakuwapo, kwa kuwa dizeli nayo ilikuwa haijarudi kutoka vitani. Nilipata lori la maharage linalokwenda Biharamulo, nikapanda juu ya magunia.

Mchana tulisimama Nyakahura ili dereva apoze injini. Jua lilikuwa kali, nyasi zimekauka, vumbi jekundu limetupaka hadi kwenye kope. Nilikitoa kipimajoto, nikakishika kivulini mwa lori huku abiria wenzangu wakinitazama kwa heshima. Nyuzi thelathini. Nilijigusa kwapani, nikakuta pakavu. Midomo ilikuwa imepasuka na koo linawasha, lakini ndani ya koti nilikuwa mzima kabisa, upepo unaingia huku na kutokea kule. Nikajiambia kwamba kama joto lenyewe ndilo hili, Koleta atakula chakula chake cha jioni kabla sijamaliza kumweleza Bibi. Nililala Biharamulo kwa mwalimu mwenzangu, nikalala vizuri.

Nyamirembe nilifika siku ya pili, saa nane mchana, kwa lori lililokuwa likifuata pamba. Nilishuka na mizigo yangu, nikapiga hatua chache kuelekea maghalani, na hapo ndipo jambo lilipoanza. Mawingu yalikuwa yametanda juu ya ziwa, mvua inanuia lakini hainyeshi, na jani halitikisiki. Kwanza jasho lilitoka kwenye paji la uso. Hilo nililifuta. Kisha likatoka mgongoni, kifuani, nyuma ya magoti, na mahali pengine ambapo mwalimu hapataji. Nililifuta lote, likarudi. Kwetu jasho hutoka, likakuona, likaondoka. La Nyamirembe lilitoka likakaa.

Nilijificha nyuma ya mti nikakitoa kipimajoto. Nyuzi thelathini. Nikakikung'uta, nikakitia kwapani, kikapanda. Nikakipepea, kikarudi thelathini ileile ya Nyakahura. Kwa hiyo kipimajoto kilikuwa kizima, na mbovu ni mimi.

Faustini alinipokea kwa mikono miwili. "Karibu, shemeji. Mbona hukutuma habari? Vua koti, upumzike."

"Niko sawa," nilisema, huku tone likining'inia kwenye ncha ya pua.

Mama yake alitoka jikoni. Ni mama wa Kizinza, mnene, mcheshi, ambaye akianza jambo halikatizwi. Nikamwamkia shikamoo, akaitikia marahaba, akanitazama kuanzia kola hadi magotini. Sasa fikirini nyinyi mlio nyumbani. Mtu mzima anasimama mlangoni mchana wa joto, amevaa sufu, amefunga vifungo vyote, anamwagika maji, na akiambiwa avue anakataa. Kwao mtu wa namna hiyo ana jina moja tu.

"Huyu ana homa ya baridi," mama alisema. "Pole, mwanangu. Imekupatia njiani?"

Ningesema hapana, ningelazimika kueleza koti. Ningeeleza koti, ningelazimika kueleza safari. Nikasema, "Kidogo, mama."

Neno hilo "kidogo" niliijutia kila herufi yake. Mama alibandika sufuria kubwa, akatia majani ya mkaratusi, ya mpera na mengine nisiyoyajua, akayachemsha mpaka nyumba nzima ikanuka dawa. Kisha akaniketisha kwenye kigoda, akaiweka sufuria katikati ya miguu yangu, akanifunika blanketi juu ya koti, nijifukize. Mgeni hakatai dawa ya mama mwenye nyumba. Mle ndani nilipumua maji. Nilimkumbuka shangazi wa Bibi, nikamwomba radhi kwa kutomwamini. Nilijaribu kukisoma kipimajoto ndani ya blanketi, lakini kioo kilikuwa kimejaa mvuke, na mimi pia.

"Jasho linatoka?" mama aliuliza kutoka nje.

"Linatoka, mama."

"Vizuri. Ongeza kukaa."

Waliponifunua, nilikuwa siwezi kusimama. Koti lilikuwa zito kama mbuzi aliyevuka mto. Mama hakuniuliza tena. Alilivua mwenyewe, kifungo kwa kifungo, pamoja na shati na suruali, nikaachiwa kanga yake ya maua mekundu nijifunge. Agizo la Bibi likaishia hapo. Na katika kanga hiyohiyo nikampokea baba mdogo wa Faustini, aliyekuja jioni kumsalimu mjumbe wa wakwe akiwa amevaa suti ya mikono mifupi iliyopigwa pasi. Nilizungumza naye habari za mvua na bei ya kahawa kwa sauti ya kiume iwezekanavyo. Aliniuliza kama huko Ngara wanaume wote huvaa hivi.

Asubuhi iliyofuata Faustini alilifua koti kabla ya kwenda kazini. Sabuni hakuna, kwa hiyo alitumia majani ya mpapai, akalisugua mpaka povu likatoka. Alilianika kwenye kamba. Kwetu nguo ikianikwa asubuhi, ukichelewa kidogo unaikuta imekauka kama ubao. Mchana nilikwenda kulitazama koti, nikalikuta linadondosha. Jioni linadondosha. Siku ya pili liliacha kudondosha, likabaki na unyevu wa ulimi wa ng'ombe. Ndani ya nyumba chumvi ilikuwa imegeuka uji kwenye kibakuli, na kiberiti kilipigwa mara nyingi ndipo kiwake. Nikaanza kuona kwamba si mimi peke yangu nisiyekauka.

Siku iliyofuata ilikuwa Jumapili, na lori la kurudi lilikuwa linaondoka mchana. Koti bado bichi. Baada ya misa Faustini alikwenda jikoni akachukua ungo wa mama yake, akasimama uani mbele ya kamba, akaanza kulipepea koti. Majirani waliokuwa wakitoka kanisani walisimama kutazama. Mwanamume, karani, ameshika ungo, anapepea koti kama mwanamke anayepepeta ulezi.

"Faustini, hilo koti limekula makapi?" jirani mmoja aliuliza, na watu wakaangua kicheko.

"Limekula," Faustini alijibu, akicheka naye, na mkono wake haukusimama. "Nikimaliza nalipika."

Mimi nilisimama kando ya koti na kanga yangu, maana kwa joto lile suruali nilikuwa sijairudia, nikijifanya nakagua vifungo. Upepo wa ungo ukapita kwenye koti ukanifikia mimi. Ndugu zangu, nilisikia baridi. Baridi ya kweli, ya Ntobeye, kwenye shingo na mabegani. Nikasogea karibu zaidi. Faustini aliona, akaongeza nguvu. Nilikuwa nimekitundika kipimajoto kwenye kamba ileile, nikakitupia jicho. Nyuzi thelathini, hakijasogea hata unywele.

Hapo sayansi yangu ilinirudia ikiwa imechelewa. Jasho halimpozi mtu kwa kutoka tu, humpoza kwa kuondoka likaenda zake hewani. Hewa ya Nyakahura ina kiu, inakunywa jasho lako hata kabla hujaliona. Hewa ya Nyamirembe imekwisha kunywa ziwa zima, imeshiba, na wewe unakuja na kikombe chako. Ungo uliisukuma ile hewa iliyoshiba iliyoning'ang'ania ikaleta nyingine yenye nafasi kidogo. Joto lilikuwa lilelile kwa kipimo, ila la kwanza liliniacha na la pili lilinikalia.

Mchana nililivaa koti likiwa bichi kwapani, nikaaga. Juu ya lori, safari hii kati ya magunia ya dagaa, nilifikiria la kumwambia Bibi. Kipimajoto kilikuwa kimenipa jibu zuri: nyuzi thelathini, sawa na Nyakahura. Si uongo. Nikilisema hivyo, Koleta anaolewa. Lakini nilijua pia kwamba dada yangu hajawahi kuishi mahali ambapo jasho halikauki, na nilihofia kumpeleka kwa nusu ya ukweli. Hata hivyo, kufika Lusahunga nilikuwa nimeamua kusema nyuzi thelathini na kunyamaza.

Ntobeye nilifika jioni ya siku iliyofuata. Bibi alikuwa ameketi mlangoni, na Koleta jikoni, mlango wazi, mwiko mkononi, ila hapiki kitu. Sikupewa hata maji. Bibi alinivua koti, akalishika kwenye ukosi, akalivuta puani, kisha akaligeuza bitana. Lilikuwa na madoa ya kijivu. Lilikuwa limeota ukungu.

"Umelivua," Bibi alisema. "Na limelala na maji. Haya, sema."

Nikasema yote. Jasho, sufuria, blanketi, kanga, baba mdogo na suti yake, chumvi iliyokuwa uji, na ungo. Nilimwambia wazi kwamba joto la kule ni baya, kwamba kipimajoto hakilioni lakini mwili unaliona. Jikoni mwiko ulianguka.

Bibi hakunitazama. "Huyo kijana alishika ungo mbele ya watu?"

"Ndiyo, Bibi."

"Wakamcheka?"

"Walimcheka sana. Na yeye akacheka."

"Na hakuacha?"

"Hakuacha mpaka lori lilipopiga honi."

Alilipapasa koti mapajani mwake. Kisha akasema polepole, kama anayezungumza nalo, "Babu yenu alinioa na koti hili. Miaka yote tuliyokaa, kwenye baridi hii, hakuna hata siku moja aliyolianika mwenyewe."

Akamwita Koleta, akamwambia aje ale, na kesho aanze kutafuta magauni mepesi.