Ramani ya Vilima vya Idjwi

Nyumbani niliaga kwamba ninakwenda Idjwi kupumzika. Ukweli ni kwamba nilikimbia. Lava ya Nyiragongo ilikuwa imesimama kabla ya kufika mtaa wetu, lakini ardhi ya Goma haikutulia. Sahani zilicheza kabatini mchana kutwa, na mama alilala na viatu miguuni. Chuo kikuu kilikuwa kimefungwa. Nikapanda boti, nikijiambia kwamba kisiwani hakuna volkano.

Maji sikuyafikiria mpaka nilipokuwa katikati yake. Darasani tulifundishwa kwamba chini ya ziwa Kivu kuna gesi, na ziwa likitibuka, gesi hiyo inaweza kupanda na kuua kila kinachopumua karibu na ufuo. Nilikuwa nimebishana na profesa kuhusu jambo hilo mwaka mzima. Nilitaka ushahidi. Sasa nilikuwa kisiwani, maji pande zote, na sikuutaka tena.

Nilifikia katika nyumba ya wageni ya parokia, juu kidogo ya ufuo. Asubuhi ya pili nilikwenda kukodi baiskeli kwa muzee mmoja, mkulima wa kahawa, aliyekuwa na baiskeli tatu. Alichukua kadi yangu ya mpiga kura, kitambulisho changu pekee, kama rehani, akaitia ndani ya kopo la unga, akanionyesha breki inayoshika na ile ambayo ni pambo tu. Kisha akaniambia kwamba kabla ya kuzunguka nipite kwa chefu wa kijiji, nimsalimie, anione. Mgeni ambaye chefu hajamwona, alisema, hana mtu. Nikaitikia ndiyo. Moyoni nilisema hiyo ni njia ya kumtafutia chefu bia. Sikupita.

Njia ilikuwa ya udongo mwekundu, kati ya kahawa na mananasi, na ilipanda kuliko ilivyoshuka. Mama mmoja mwenye beseni la mananasi kichwani alinikuta ninasukuma baiskeli mlimani, jasho likinitiririka. Akaniuliza, "Papa, sasa nani anamupeleka mwenzake?" Wenzake walicheka hadi kwenye kona.

Ningeweza kufurahia siku ile. Badala yake, kila nilipofika kwenye kivuko nilisimama na kuwauliza wavuvi maswali. Maji hapa yana kina gani? Mitumbwi inayoondoka asubuhi ni mingapi? Njia fupi ya kupanda kilimani ni ipi? Niliandika yote kwenye daftari, nikachora ramani yenye mishale ya kwenda juu, na kando ya kila mshale dakika za kukimbia. Wavuvi wa kivuko cha kwanza walinijibu kwa utani. Wa kivuko cha pili walijibu kwa ufupi. Hilo nililitambua baadaye.

Kwenye kivuko cha tatu kamba ilikuwa imevutwa kukata njia. Askari wawili walikuwa wamekaa kwenye benchi. Habari za waasi zilikuwa zimeanza tena bara, upande wa Rutshuru, na kila ufuo ulimhofia mtu anayetangulia kuchungulia. Waliniomba kadi. Nikasema iko kwa mwenye baiskeli. Waliniuliza chefu gani ameniona. Nikasema bado sijapita kwake. Askari mkubwa, aliyevaa kandambili, akachukua daftari langu na kulisoma polepole, kwa sauti, kama anayesomea darasa.

"Kivuko cha pili, mitumbwi kumi na mbili. Kilima, dakika kumi na nane." Akaniangalia. "Mitumbwi yetu unaihesabia nani?"

Nilieleza habari ya gesi. Kadiri nilivyoeleza, ndivyo nilivyojisikia mwongo. Yule mwenzake alisema kwa upole kabisa kwamba kuna mtu waliyemkamata majuzi, naye alikuwa amesoma. Walimpeleka Bukavu. Sikuuliza kilichompata. Katika maisha yangu yote, hilo ndilo swali la kwanza nililoliacha kwa hofu.

Wakamtuma mvuvi akamwite mwenye baiskeli. Tukangoja. Jua lilikuwa utosini wakati ardhi ilipotikisika, mara moja, kwa nguvu. Benchi liligonga ukuta. Sikufikiri. Nilikurupuka nikakimbia kupanda mlima, kufuata mshale wa ramani yangu mwenyewe, na nyuma yangu nikasikia bunduki ikikokiwa.

Nikasimama, mikono juu.

"Unakimbia nini?" akauliza askari mkubwa.

"Ziwa," nilisema.

Hakuna aliyecheka. Ziwa lilikuwa tulivu kama maziwa kwenye bakuli.

Muzee alifika kwa miguu, kadi yangu mkononi, ina unga. Askari mkubwa hakuiangalia kadi. Alimwonyesha ramani, kisha akauliza, "Huyu mutu ni wako?"

"Ni mugeni wangu. Amelala kwangu."

"Unamujibia?"

"Namujibia."

Jina la muzee likaandikwa kwenye kitabu cha kizuizi. Langu halikuandikwa. Maana yake niliielewa: nikionekana kuwa mtu mbaya, hawatanitafuta mimi. Ukurasa wa ramani ulichanwa, daftari nikarudishiwa.

Tulirudi yeye akisukuma baiskeli. Nilimwuliza alijuaje kwamba mimi si mpelelezi.

"Sikujua," alisema. "Na kile kilima ulichora, mvua ikinyesha hakipandiki. Ukimbilie kile cha nyuma ya kanisa."

Tulipita kwa chefu, nikavua kofia, nikasalimia, akaniona. Hakuomba bia. Huko nje nikamwambia muzee kwamba boti ya kesho asubuhi itanirudisha Goma. Akatikisa kichwa. Nikiondoka haraka hivyo, askari watauliza kwa nini, na watamwuliza yeye.

"Nimesema umelala kwangu," akasema. "Sasa lete begi yako, ulale kweli. Siku tatu."

Nyumba yake ilikuwa ya mwisho kabisa, chini, ufuoni. Nilichukua begi parokiani kabla jua halijazama. Kutoka kizingiti cha mlango hadi kwenye maji nilihesabu hatua ishirini na moja. Sikuziandika.