Sanduku la Vuli

Mteja wangu alikuwa mwanamke wa Kijapani wa makamo, mpole kupita kiasi. Alikuja karakana yetu ya Doornfontein na picha tatu kwenye simu. Alitaka sanduku lenye paa kama kijumba, likae juu ya miti miwili mirefu na kubebwa mabegani na watu wanane. Lilikuwa la sherehe ya mtaa wao, familia chache za Kijapani zinazoishi jirani kaskazini mwa Johannesburg. Kila Oktoba hufunga kijia chao wakafanya kama wanavyofanya mitaani kwao. Aliitaja kwa Kiingereza kuwa ni sherehe ya majira fulani nisiyoyajua. Nikaliuliza neno lenyewe kwenye simu, simu ikajibu: vuli. Nilicheka. Kwetu Tanga vuli ni mvua, na hapa Oktoba ndiyo kwanza miti inachanua. Kila mtu na vuli yake, nikasema, nikachukua vipimo.

Alinieleza pia kwamba mungu wa mtaa hukaribishwa ndani ya sanduku lile. Nilijikuna kichwa siku mbili. Mwisho nikajiambia mbao ni mbao. Nimeshatengeneza mimbari za makanisa ya Wakongo na kaunta ya baa, na bado naswali.

Jumamosi ya sherehe tulikuwa tunalifunga sanduku kwenye pikapu, ndipo mdogo wangu akanipigia kutoka Tanga. Mama alikuwa ametutoka alfajiri.

"Tunamzika leo baada ya alasiri," alisema. "Mvua imeshika, kaburi tumelikinga kwa turubai."

Kwetu maiti hangoji ndege. Hata ningekuwa na tiketi mkononi ningekuta udongo umeshapigwa maji. Mimi nilijua, yeye alijua.

"Tukifika makaburini nitakupigia," akaendelea. "Nitaiacha simu wazi usikie dua, uitikie pamoja nasi. Usiiweke mbali simu, kaka."

Nikamwahidi. Kuitikia amina ndiko kulikobaki katika kumzika mama yangu.

Mwenzangu wa karakana, Mkongo wa Bukavu na mlokole wa kupindukia, aliacha kamba akanishika mkono, akaniita kaka kwa lugha ya kwao. "Yaya, enda Mayfair, kwa bandugu yako ba msikiti. Hii kitu miye nitaipeleka."

"Na viungo vikiachia utavikaza wewe?" nilimjibu kwa ukali asiostahili. Ukweli niliogopa kwenda kukaa kitako na kupewa pole. Nikapanda garini.

Mteja alituinamia, akanivika koti fupi la buluu kama la wengine. Sikumwambia kitu. Palikuwa na ngoma moja kubwa, mishkaki ya kuku, na watoto wakikimbizana juu ya maua yaliyodondoka. Saa tisa ya huku ni saa kumi ya kwetu, saa ya maziko. Nilisimama na simu mkononi, nikitazama chaji, nikitazama mtandao, nikitazama saa. Sikuweza kula, na kilio chenyewe kilikataa kuja. Sijawahi kujiona mtu bure kama saa zile.

Kabla kidogo ya saa tisa ngoma ililia, watu wanane wakaliinua sanduku.

Kwetu jeneza likipita, mwanamume huacha alichokishika akaenda kutia bega, hata kama marehemu hamjui. Anabeba hatua chache, mwingine anampokea. Nimefanya hivyo tangu sijaota ndevu, na siku ile miguu haikuniuliza. Nilimsukumia mwenzangu simu mkononi, nikakimbia, nikamtoa mzee mmoja wa Kijapani kwenye mti wa mbele, nikatia bega langu.

Mara wakaanza kulitikisa. Ndiyo desturi yao, hulirusha juu chini kwa makelele ili mungu wao afurahi. "Taratibu!" nilipiga kelele kwa Kiswahili. "Msimtikise! Taratibu, jamani!" Wakaitikia kwa shangwe, wakazidisha. Mtu alinigusa mgongo anipokee, nikakataa. Akaja mwingine, nikakataa. Nililibeba kijia kizima, kalima moyoni na machozi yakinichuruzika mbele ya watu wazima.

Tulizunguka tukarudi palepale tulipoanzia. Wakalitua juu ya vigoda nilivyovitengeneza mwenyewe, wakapiga makofi, wakaenda kula. Mimi nilibaki nimeinama, mikono nimeikinga. Mtoto wa kiume ndiye hushuka kaburini kumpokea mamaye, na mimi ndiye mkubwa.

Mteja alikuja na glasi ya maji. Nikamuuliza sasa linapelekwa wapi.

"Gereji," alisema. "Mpaka mwakani."

Hapo ndipo nilipoikumbuka simu.

Nilimkuta mwenzangu ndani ya pikapu, amefunga madirisha yote na joto lile, kofia ameivua ameiweka mapajani. Simu ilikuwa bado mkononi mwake, imeshazimika.

"Yaya, nilikuita, haukusikia," alisema. "Mudogo yako alipiga. Nikaingia mu motokari, nikafunga madirisha sababu ya ile ngoma. Balikuwa banaomba. Banasema, banangoja, banasema tena. Nikaona ni mubaya kunyamaza. Nikasema amina. Kila mara nilisema amina." Alijifuta uso kwa kofia. "Sijue kama inaruhusiwa."

Nilitaka kumtukana, nikampokea simu. Nilikaa kando yake na koti langu la buluu mpaka watu walipokuja kutuomba tusaidie kulihamisha sanduku.

Jioni nilimpigia mdogo wangu. Nilikuwa nimejipanga kukiri kila kitu, tangu ngoma mpaka gereji, lakini yeye alinitangulia.

"Nilikusikia, kaka," alisema. Sauti yake ilikuwa imekauka. "Hukuacha dua hata moja. Sauti yenyewe haikuwa yako kwa kilio, nikawaambia watu, mnamsikia mtoto wake? Na mvua ile, kila mtu aliguswa. Umemzika mama, kaka. Mungu akulipe kheri."

Nilikuwa nimeshafungua kinywa nimweleze.

"Amina," nikasema.