Kiti cha Mbele

Sikulazimishi uniamini. Ndugu zangu wa tumbo moja hawakuniamini, na wao ndio walionishikia taa nikiwa nimelala chini ya gari lile. Lakini jambo hili lilinipata mimi mwenyewe, jua halijazama vizuri, nikiwa sijaonja hata tone la pombe. Nitakueleza bila kuongeza chumvi. Chumvi yenyewe ningeitoa wapi? Siku hizi hata chakula nakula kwa sababu saa ya kula imefika.

Mimi ni mtu wa Kitale. Babu yangu alitoka Nyeri akaja huku Trans-Nzoia kutafuta shamba, kwa hiyo nyumbani tunaongea Kikuyu na sokoni tunaongea Kiswahili cha huku. Nilikuwa na mchumba, Njeri, mwalimu wa chekechea. Wazazi wake walikuwa wamekubali nipeleke mbuzi. Nikaapa kwamba mbuzi wangu hawatapanda gari la kukodi. Nitawapeleka kwa gari langu, na Njeri atakuwa amekaa kando yangu watu wa kwao wakiona. Kiburi cha maskini, najua, lakini nilimpenda msichana yule na nilitaka aingie kwao akiwa ameinua kichwa.

Basi nikasikia kuna pikapu kuukuu inauzwa kwa mzee mmoja upande wa Chwele, kule Bungoma. Nilipofika niliikuta nyuma ya ghala la mahindi, magurudumu yamezama udongoni, kuku wanatagia mayai ndani. Mwenyewe, Mzee Wanyonyi, aliniuzia kwa bei ya chuma chakavu. Nilipomwuliza ilikuwa ya nani, alisema, "Ya mtu alikuja hapa na maneno mingi, akashindwa." Nikacheka, sikuuliza zaidi. Mkewe, mama mcheshi kwelikweli, alinivutia kiti karibu na chake, akanimiminia chai na kunitania mbele ya majirani. "Wewe Mkikuyu, hii kitu utauza ama utaoa nayo?" Nikamwambia nitaoa nayo. Akacheka mpaka akashika mbavu.

Mzee aliniomba jambo moja tu. "Siku itanguruma, urete nisikie."

Kufufua gari bila pesa ni kazi ya kubembeleza chuma. Sakafu ilikuwa imeliwa na kutu, nikaiziba kwa bati la pipa. Rejeta niliipeleka kwa mafundi wa jua kali wakaichomelea mpaka wakachoka kuniona. Kabureta niliitoa kwenye gari lililokufa, taa moja ikatoka kwa lingine, na kitasa cha mlango ni cha mlango wa nyumba, usicheke. Kila jioni nikitoka kibaruani nilikuwa chini ya pikapu ile na spana mkononi. Njeri alikuwa akija kunisomea vichekesho kwenye simu, nami nikimjibu nikiwa chini huko. Hizo ndizo siku nilizokuwa na furaha. Nakumbuka kwamba nilikuwa na furaha, lakini ilivyokuwa siikumbuki.

Kitu pekee nilichokitengeneza kwa fahari kilikuwa kiti cha mbele, cha abiria. Cha dereva nilikitupia gunia tu. Kile cha abiria fundi alikishonea ngozi nyekundu, akakiacha na nailoni juu, nami nikakataza mtu yeyote asikikalie. Niliisema hadharani: nailoni ile ataitoa Njeri siku ya mbuzi.

Pikapu ikanguruma. Jumamosi iliyofuata nikakumbuka ombi la mzee, nikaona si vibaya, nitajaribu breki hapo hapo. Nikapita Kiminini, nikapita Kamukuywa, nikakunja kuelekea Kimilili na mbele zaidi. Gari lilikwenda, nami nilikuwa nikiimba. Wingu lilikuwa limeshuka kutoka Mlima Elgon na manyunyu yameanza nilipofika kwenye njia ya udongo inayoingia kwa Mzee Wanyonyi.

Hapo alikuwa amesimama mwanamke wa rika langu, leso begani. Hakunipungia mkono. Mimi ndiye niliyesimama, kwa sababu alikuwa akiitazama pikapu kama mtu anayemtazama ndugu aliyetoka hospitali. Akafungua mlango, akainama, akachungulia ndani.

"Kuku wamehama?" akaniuliza.

Nikajua ni mtu wa boma lile. Nani mwingine angejua habari za kuku? Nikamwambia wamehama, mayai nikala. Hakucheka. Akapitisha kiganja juu ya kile kiti chekundu, polepole, kutoka juu mpaka chini.

"Umetengeneza mahari yangu," akasema.

Sasa nisikilize vizuri, maana maisha yangu yalikwama hapa. Huku kwetu hakuna anayesema "mahali pangu" kama kwenye vitabu vya shule. Tunasema "mahali yangu", na tunaelewana. Na watu wa Bungoma hubadilishana l na r bila kukuomba ruhusa. Kura ni kula, na kula ni kura. Sisi Wakikuyu pia hujikwaa hapo hapo, kwa hiyo sikuwa na cha kumcheka. Nikasikia nilichotaka kusikia: umetengeneza mahali yangu. Nikafikiri labda zamani alikuwa akikaa kiti kile gari likiwa zima. Ningefikiri nini tena?

"Imetengenezeka, si ndiyo?" nikamwambia.

"Imepona kabisa. Ni yangu kweri?"

Nilimkumbuka Njeri na nailoni yake. Lakini mvua ilikuwa imeanza kunyesha, na huyu ni binti wa watu walioniuzia gari kwa bei ya huruma. Nikaona aibu.

"Ni yako, dada. Ingia."

"Sema tena."

"Ni yako. Chukua."

"Nimeshukuru," akasema, akaingia.

Tukaingia njia ya udongo. Karibu na lango, nilipotaka kubadilisha gia, aliuweka mkono wake juu ya wangu. Haukuwa wa baridi, watu huniuliza hilo. Ulikuwa mkono tu. Lakini wangu ukafa ganzi, ganzi ikapanda begani, ikashuka kifuani, ikakaa. Sikuogopa. Nilijua kwamba ningepaswa kuogopa, na woga haukuja. Nilipozima injini alikuwa ameshashuka, anakwenda zake upande wa migomba kwenye ukingo wa boma. Nailoni ilikuwa juu ya kiti, imetolewa na kukunjwa vizuri.

Mzee Wanyonyi alitoka amejifunika gunia kichwani, anatabasamu kwa ule mngurumo. Mkewe alikuwa barazani na birika la chai, ameshanivutia kiti karibu na chake kama mara ya kwanza. Nikawasalimu, nikasema nimempa binti yao lifti kutoka barabarani.

"Binti gani?" mzee akauliza.

Nikamwonyesha migomba. Nikaeleza ile leso, na swali la kuku, na yale maneno aliyoyasema: umetengeneza mahali yangu. Mzee akanisahihisha kwa sauti ndogo sana.

"Hakusema mahali. Amesema mahari. Ile watu hulipa ndio waoe."

Akaniambia yote tukiwa tumesimama kwenye mvua. Binti yao aliitwa Nasimiyu. Mfanyabiashara mmoja wa Suam kule mpakani, wa kuvusha mahindi, alimtaka, akaleta pikapu ile kuwa mahari. Iliingia bomani ikifuka moshi na ikafia palepale, mbele ya wazee wa ukoo. Mzee akaikataa. Yule bwana akaondoka kwa miguu akisema atarudi na fundi, asionekane tena. Nasimiyu alingoja, akaugua, akafa akingoja, na kwa sababu hakuwa na boma la mume, wakamzika pale ukingoni mwa migomba.

"Na wewe ulimjibu aje?" mzee akaniuliza.

"Nilimwambia ni yake."

"Kwa mdomo yako?"

"Mara mbili."

Hapo ndipo mama yule aliposimama. Aliweka birika chini, akavuta leso yake mpaka ikafunika uso wote, akageuka na kuzunguka nyuma ya jikoni bila kunitazama. Si kwa hasira. Mimi nimekua karibu na watu hawa na desturi zao nazijua: mama mkwe hakai uso kwa uso na mkwe wake. Dakika moja iliyopita alikuwa amenivutia kiti.

"Mimi sikukataa mkwe," mzee akasema. "Nirikataa chuma bovu. Sasa imenguruma."

Unataka kujua kama nilibishana? Mtu mwenye akili timamu angebishana, angeingia ndani ya gari akatimua mbio. Nilitazama mkono wangu ukimpa mzee ufunguo. Miezi yote ile chini ya gari, na sikusikia uchungu wowote. Nikapanda bodaboda mpaka Kimilili, nikafika Kitale nimelowa chapachapa, nikalala.

Njeri alikuja asubuhi akitoka kanisani. Akaona pale pikapu ilipokuwa pako wazi, akadhani nimeibiwa, akanishika mabega. Nilimweleza. Ni msichana mwerevu, hakupiga kelele, wala hakuniita mwendawazimu. Akaniuliza swali moja tu.

"Niambie ukweli. Uko na bibi mwingine?"

Nilijua jibu ni hapana. Nilikuwa nalo tayari, na nilifungua mdomo nilitoe.

"Ako," nikasema. "Ako Bungoma."

Alilia. Nilimtazama akilia na nikaona kwamba ninapaswa kumshika mkono. Sikumshika. Akaenda, na mbuzi wale baadaye niliwauza.

Nimeombewa na wachungaji, nimepimwa hospitalini, na damu yangu iko sawa. Sindano ikinichoma naisikia. Njeri aliolewa Eldoret na nilipopewa habari nilisema vizuri, nikaendelea kumenya viazi. Watu wa Chwele wakiwa na msiba hunipigia simu, nami huenda, hukaa kwenye viti vya wakwe, na mama yule huwa nyuma ya jikoni mpaka nitoke. Jioni, kabla ya kurudi Kitale, mimi huenda ukingoni mwa migomba nikapalilia pale alipolala. Hakuna aliyenituma. Nikimaliza naona nimetulia kidogo, na utulivu huo ndio kitu cha karibu na furaha nilichobaki nacho.

Kwa hiyo wewe unayetafuta gari kuukuu, kagua injini, kagua chesi, sawa. Lakini ukimwuliza mwenyewe lilikuwa la nani, na yeye akujibu nusu, usicheke ukaondoka. Na mtu usiyemjua akikuuliza kama kitu ni chake, mwambie arudie alichosema, polepole, herufi kwa herufi. Usimwambie ni chako kwa sababu ya aibu na mvua. Mimi nilikuwa na mtu wa kumpa kiti kile, na nilikuwa nampenda.