Ndimu Kwenye Mawe Meupe

Walisema sitamaliza hata mwaka mmoja wa shule. Nyapara wa machimbo alitangaza mbele za watu kwamba mjukuu wa mponda mawe hufa akiponda mawe, na wanawake waliokaa vumbini wakacheka, maana nyapara akitania ilikuwa lazima kucheka. Leo nina stashahada ya madini, iko ukutani kwenye fremu. Juzi nilisimama ukingoni mwa shimo lile lile, chini kidogo ya Same, nikiwa na viatu vya ngozi. Nyundo hazilii tena. Kuna miiba, mbuzi wa mtu, na mawe machache meupe kama maziwa yaliyoganda.

Jiwe lile linaitwa magnesiti. Wakati wa Waingereza sisi tuliliita jiwe la Mzungu, kwa kuwa ni yeye peke yake aliyelitaka. Lilipakiwa kwenye gari moshi likaenda zake. Chuoni ndipo nilipojua lilikokwenda: huchomwa mpaka likabaki unga, unga hufanywa matofali yasiyoogopa moto, na ndani ya matofali hayo watu wa mbali huyeyusha chuma. Wenzangu walikariri hayo kwenye daftari. Mimi nilikuwa nimelila vumbi lake pamoja na makande, miaka na miaka.

Bibi ndiye aliyenilea. Aliponda mawe tangu jua linapochomoza, kitambaa kimefungwa puani, nywele nyeupe kwa uzee na kwa vumbi. Mwaka ule nilifaulu kwenda shule ya kati, ya bweni, huko juu milimani upande wa Gonja. Vitu vya shule tuliazima. Mwenye duka wa Same alitoa viatu vya mwanawe, fundi cherehani akatoa sanduku la bati, na jirani yetu, mjane aliyeponda mawe ubavuni mwa bibi, akatoa blanketi lake, la pekee. "Huko kuna baridi, mwanangu," alisema. "Mimi nitajifunika khanga." Ikabaki ada, nayo ilikuwa ndani ya ujira wa bibi wa mwezi ule.

Lakini macho ya bibi yalikuwa yamekwisha. Mawe ya chokaa nayo ni meupe, akawa anayachanganya. Nyapara akapiga teke rundo lake, kazi ya siku tatu, likaporomokea korongoni.

"Kikongwe, unanipa chokaa? Nikupakie wewe kwenye gari moshi?"

"Nisamehe, baba."

"Mara moja tena, unakwenda kuchunga mbuzi."

Mimi sikulia. Nilisaga vipande vya mawe, nikavikamulia ndimu aliyowekewa bibi kwa kikohozi. Chokaa ilitoa povu. Jiwe la Mzungu lilinyamaza kimya. Hakuna aliyenifundisha, nilikuwa na akili, na sioni haya kusema. Nikachambua rundo jipya la bibi lote, jiwe kwa jiwe.

Nyapara alipoliona akaniita. Ningeweza kunyamaza. Nikamweleza, tena kwa sauti, kila mtu asikie. Akacheka. "Haya, bwana mkubwa. Nipimie marundo yote, na la bibi yako sitalitazama mpaka mwezi uishe."

Nikapita na ndimu zangu kama daktari. Kwa jirani yetu nilichuchumaa. Akaninong'oneza, "Pita tu, mwanangu." Nikakamua. Povu. Nikakamua kwenye jingine, nyapara aone vizuri. Povu tena.

Alifukuzwa saa ile ile, nyundo yake ikarushwa nyuma yake. Wanawake wengine wakaendelea kuponda, bila kuinua vichwa. Nyumbani bibi aliweka makande mbele yangu, akageukia ukuta. "Hukuweza kusema ndimu imekauka?"

Ada ililipwa. Blanketi halikudaiwa. Nililala nalo milimani, nalo lilinipa joto, na nikawa wa kwanza darasani kila mwaka. Nyapara, nyundo, filimbi ya asubuhi, bibi mwenyewe, vyote vimeondoka. Milima imebaki, nami nimebaki.

Niliporudi na stashahada niliwaita wote walioniazima, uani, majirani wakitazama. Mwenye duka nilimpa jozi mbili za viatu vipya. Fundi cherehani nilimpa sanduku kubwa lenye kufuli. Wakapiga makofi. Jirani yetu alikuja wa mwisho, na fimbo, amekonda. Nilimwekea mikononi mablanketi mawili mazito ya sufu, nikatangaza, "Sasa sidaiwi na mtu!"

Aliyapapasa, akayakunja vizuri kwapani, akanitazama usoni.

"Marahaba," akasema.

Nilikuwa sijamwamkia.